Kura ya Dada Kule Perth

Jumamosi moja ya mwezi wa tano dada yangu alinitumia picha akiwa ameshika soseji. Ilikuwa imelazwa kwenye kipande cha mkate mweupe, vitunguu vya kukaanga juu yake, na nyuma ya dada kulikuwa na uzio wa shule ya msingi uliobandikwa sura za wagombea wa kila rangi. Chini ya picha aliandika: Nimepiga kura. Kwetu Ntalikwa, Tabora, ilikuwa bado asubuhi, nami nilikuwa barazani na kikombe cha chai. Nilifurahi mpaka chai ikafika nusu. Kisha nikaitazama tena ile picha, nikaweka kikombe chini.

Huko Australia hapigi kura mtu ambaye si raia. Jambo hilo nililijua vizuri, kwa sababu ni mimi niliyemwambia.

Kwa wazazi wetu tumebaki wawili tu, dada na mimi, na amenizidi miaka mingi kiasi kwamba alinibeba mgongoni. Aliondoka kwenda kusomea uuguzi kwa msaada wa kanisa wakati mimi naanza sekondari, akamaliza, akapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Perth. Miaka ya mwanzo simu zake zilikuwa za mambo ya kawaida: baridi, mabasi yanayofika kwa dakika iliyoandikwa, hamu ya matobolwa. Viazi vyetu hivyo, vinavyochemshwa kisha vikaanikwa juani, tulitaka kumpelekea kila alipotokea msafiri, naye alikataa. Alisema katika uwanja wao wa ndege wanapekua chakula kama watu wengine wanavyopekua bunduki.

Siasa aliletewa na mzee mmoja aliyekuwa akimhudumia. Mzee huyo alikuwa na tabia ya kubishana na televisheni kila lilipoonyeshwa bunge, na dada, kijiko mkononi, hakuwa na pa kukimbilia. Siku moja alinitumia ujumbe wa sauti akinong'ona, nadhani alikuwa amejibanza kwenye korido. Mzee alikuwa amemwambia kwamba si zamani sana wabunge wa nchi ile walizoea kuwaondoa mawaziri wakuu wao wenyewe, mmoja baada ya mwingine, bila wananchi kuulizwa.

"Wewe si umesomea mambo haya," alisema. "Hebu nieleze inawezekanaje."

Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya sayansi ya siasa. Nilikuwa nafundisha watoto wa darasa la saba masomo ya jioni hapo hapo barazani, na kila nilipoitwa kwenye usaili Dodoma nilirudi na vumbi la safari tu. Tangu nihitimu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza chochote kilichokuwemo ndani ya ile shahada. Watu waliuliza itanipa kazi lini. Kwa hiyo dada aliponiuliza swali lile nilikesha nikisoma, na kesho yake nikamtumia maelezo marefu kiasi kwamba katikati nilimwomba samahani. Nilimweleza kwamba kule waziri mkuu hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Anakaa kwenye kiti maadamu wabunge wa chama chake wanamtaka, na wakimchoka, wanafunga mlango, wanahesabiana, na akitoka humo ni mbunge wa kawaida. Dada akajibu kwa kicheko, kisha akauliza swali jingine. Ikawa hivyo kila Jumamosi.

Mwanzoni aliuliza kama anayetazama mpira asioujua sheria zake: wenye rangi nyekundu ni akina nani, wa buluu wanataka nini, kwa nini wa buluu ni vyama viwili vinavyotembea pamoja. Baadaye maswali yakabadilika. Aliuliza kwa nini kodi ya nyumba inapanda na kila chama kinasema kosa ni la mwenzake. Aliuliza wanafanya nini kuhusu mishahara ya watu wanaotunza wazee. Akaanza kubishana nami. Mimi nilikuwa nimewapenda wekundu kwa sababu za vitabuni, naye akaniambia vitabu vyangu havijawahi kumgeuza mgonjwa kitandani, kwamba katika jimbo lile kuna mama mmoja, mgombea binafsi, asiye na chama, aliyekuja mwenyewe kwenye nyumba ya wazee akakaa akasikiliza. Mgombea binafsi sisi tulimsoma tu darasani. Nilimwonea dada wivu kidogo, na nilimwambia hivyo.

Baba alikuwa akitusikia. Simu yangu ina spika kubwa na baraza yetu ni ndogo. Baba ni mkulima wa karanga na mahindi, mzee wa kanisa, mtu asiyependa kelele, lakini masuala ya Australia yalimchekesha. Jioni moja niliwafundisha wanafunzi wangu jinsi watu wa kule wanavyopiga kura. Hawaweki alama ya vema kwa mmoja wakaondoka, bali wanawapa wagombea wote namba, kuanzia anayependwa hadi asiyependwa. Aliyeshika mkia anapotolewa, kura zake hazitupwi. Zinahamia kwa yule aliyeandikwa namba mbili. Watoto walinitazama tu. Nikawaambia basi tuchague chakula. Nikaandika ubaoni ugali, wali, matobolwa, tambi. Baba alikuwa pembeni akitia mpini kwenye jembe, naye akaomba karatasi. Akaandika ugali moja, matobolwa mbili, wali tatu, akarudisha.

"Tambi umeziacha, baba," nikamwambia.

"Sizipi namba. Sizili."

Nikamweleza kwamba kule sheria inataka kila mmoja apewe namba, vinginevyo kura inaharibika. Na kutokwenda kabisa pia kuna faini. Akafikiri. Akachukua karatasi, akaandika nne, akasema waandike pia kwamba amelazimishwa.

Mtani wake alicheka mpaka akakohoa. Huyu ni Mzaramo, mstaafu wa reli, aliyeletwa Tabora na treni akiwa kijana, akaoa hapa na hakurudi tena pwani. Kati ya Wanyamwezi na Wazaramo kuna utani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kichwani, na yeye na baba wameutunza kama watu wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Mtani anaweza kukuambia neno ambalo ndugu yako wa damu hathubutu, na huruhusiwi kukasirika. Siku ile aliuliza kwa nini katika hesabu zangu za Australia wa kijani ni chama kidogo, wakati kila mtu anajua kijani ndiyo inayotawala. Nikamwambia kijani ya kule ni watu wa mazingira. Akatikisa kichwa, akasema basi nchi hiyo imepotea, hata rangi zao hazijui kazi.

Nakumbuka siku zile kwa uchungu kwa sababu zilikuwa nzuri. Mama alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, nyumba ilikuwa na ukimya ambao hatukujua tuuweke wapi, na mambo ya nchi ya mbali, ambayo hayakumhusu yeyote kati yetu, yaliujaza. Hivyo ndivyo nilivyoamini: kwamba hayakumhusu yeyote kati yetu.

Sasa nirudi kwenye soseji. Asubuhi ile nilijitahidi sana kutafuta maelezo mengine. Kule soseji huuzwa kwenye vituo vya kura, na wanauziwa watu wote wanaopita, hata mtoto, hata mgeni. Labda alipita tu. Labda alipiga kura ya chama cha wauguzi kazini. Labda ni utani. Mimi ni mtu wa namna hiyo, naweza kupewa habari moja nikaitengenezea ndugu kumi. Lakini nilikumbuka kwamba kwa miezi kadhaa dada alikuwa amekoma kusema "mbunge wao". Alikuwa anasema "mbunge wangu". Mimi nilidhani ni mazoea ya kuongea.

Nilimpigia. Alipokea huku akitafuna.

"Ulikula kiapo lini?" nikamwuliza.

Akaacha kutafuna. Kisha akaniambia yote, bila kuficha, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Ilikuwa mwaka uliopita, katika ukumbi wa halmashauri yao, pamoja na watu wa mataifa mengi. Kila mmoja aliyeapa alipewa mche wa mti wa kule kwenye kikopo. Wake aliuweka dirishani kwa sababu hana uwanja. Alisema ukisugua jani lake linanukia kama mikaratusi ya mpakani kwetu, na kwamba jioni ile alikaa jikoni akilisugua. Nikamwambia mikaratusi asili yake ni huko huko, ililetwa kwetu zamani na sasa watu wa tumbaku wanaipanda kwa ajili ya kuni. Hiyo ndiyo kazi ya elimu yangu. Dada analia, mimi natoa maelezo.

Sababu yake ilikuwa moja tu. Mama alipokufa, karatasi za ukaazi za dada zilikuwa bado zinashughulikiwa, akaambiwa akitoka nje ya nchi huenda asiruhusiwe kurudi, na kazi ingepotea. Alimzika mama kwa simu. Mimi ndiye niliyeishika ile simu juu ya kaburi, kamera ikitazama chini, kwa hiyo aliona udongo na viatu vya watu. Siku ile aliamua kwamba atatafuta pasipoti ambayo akiwa nayo hakuna atakayemzuia popote.

"Nilitaka nikiitwa nije," alisema. "Hiyo tu. Kura ilikuja baadaye. Na hiyo wewe ndiye ulinifundisha."

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa huzuni ya kawaida. Lakini mwaka ule ule wa kura Ntalikwa ilikuwa inapimwa. Mji unakuja upande wetu, mashamba yanageuzwa viwanja, na kila mwenye eneo alitakiwa kuonyesha mipaka na kutaja majina ya watakaoandikiwa hati. Baba alikuwa ameligawa lake mafungu matatu: sehemu yake, yangu, na ya dada. Hilo la dada halikupita kirahisi. Baba mdogo alitoka Usinge kwa ajili ya hilo, akasema mbele ya ukoo kwamba ardhi ya baba yao haijawahi kuandikwa jina la binti, kwamba binti ni wa kuondoka, na huyu ameshaondoka mbali kuliko wote. Baba hakumjibu kwa ukali. Alisema tu kwamba mtoto wake ana kwao, na kwao ni hapa, pale penye mikaratusi, na kwamba atajenga. Alisema hivyo amesimama, na kwa baba kusimama ni jambo kubwa.

Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Akiapa kwingine, huku anatoka. Na asiye raia hawezi kuandikiwa kiwanja cha Ntalikwa kama anavyoandikiwa jirani. Hayo nilikuwa nimewafundisha watoto wa darasa la saba, wakayaimba kwa pamoja, baba akiwa pale pale na jembe lake.

Dada aliomba muda. Alisema atamwambia baba mwenyewe. Jumapili ya kwanza akapiga simu, wakaongea kuhusu mvua. Jumapili ya pili wakaongea kuhusu presha ya baba. Baada ya hapo akanitumia ujumbe: hawezi, nitafute njia kabla wapimaji hawajafika upande wetu.

Njia niliyoitafuta ndiyo inayonikosesha usingizi mpaka leo, ingawa wakati ule niliiona ni ya busara kuliko zote. Nilikwenda kwa mtani.

Nilikuwa na sababu. Mama alipokufa, baba alikuwa amekaa ndani hataki kuinuka, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba muda wa kuzika umefika. Mtani alikuja akajilaza mlangoni, akadai Mnyamwezi hatoki na jeneza mpaka Mzaramo alipwe kuku, na kama hakuna kuku basi atazikwa yeye apumzike na kero zao. Baba alicheka katikati ya kilio, akainuka, tukaenda. Nilifikiri: jambo zito lililopitia mdomo wa mtani linafika likiwa limepoa kidogo, na mtu halazimiki kulipokea mbele ya watoto wake.

Mtani alinisikiliza mpaka mwisho bila kutania. Hakuipenda kazi ile. Alisema msiba kila mtu anauona, lakini hili halionekani, na baba atadhani ni mchezo. Nikamwambia tukubaliane: yeye ataanza, mimi nitamalizia. Akishasema, nami papo hapo niseme kwamba ni kweli. Akakubali, akanitahadharisha nisichelewe.

Alikuja jioni, tukakaa barazani na karanga za kukaanga. Alimsalimia baba kwa Kinyamwezi kibovu, mwangaluka, salamu ya asubuhi, wakati jua linazama, ili tu achekwe. Halafu akasema:

"Mnyamwezi, nimekuja kukupa pole. Babu zenu walipita kwetu wamebeba pembe, wakatumalizia mihogo, lakini wote walirudi kwao. Huyu binti yako ndiye mpagazi wa kwanza kuhama na mzigo. Amekula kiapo cha Wazungu, na soseji juu yake. Si Mtanzania tena. Kile kiwanja nipe mimi, angalau Mzaramo ni raia."

Baba alicheka hadi akaweka bakuli la karanga chini.

"Nikupe kiwanja upande nini? Wewe unajua minazi tu, na hapa haioti. Mmeoa kwetu, mmekula kwetu, sasa mnataka na hati."

Mtani alinitazama. Hapo ndipo palikuwa pangu. Nilifungua kinywa, na kwa kuwa nilikuwa na hofu, uso wangu ulikuwa unatabasamu. Huwa natabasamu nikiogopa. Hata kwenye usaili ndivyo ninavyofanya. Baba aliniona, akaninyooshea kidole.

"Na wewe umekula njama na huyu. Wanafunzi wako wanajua kwamba mwalimu wao ni mwongo?"

Akaendelea kucheka, na kicheko chake cha namna ile nilikuwa sijakisikia kwa muda mrefu, tangu mama afe. Nikafikiri ngoja amalize. Alipomaliza, mazungumzo yalikuwa yameshahamia kwenye bei ya karanga. Mtani aliondoka mapema. Pale getini aliniambia kwa sauti ya chini, "Umeniachia mzigo njiani, mjukuu," na hakukuwa na utani ndani yake.

Wiki ile baba aliusambaza mchezo ule kila mahali. Aliwasimulia wazee wenzake baada ya ibada, akamsimulia fundi baiskeli, akamwambia mke wa mtani kwamba mumewe anatafuta kiwanja kwa hila. Kila alipousimulia ulizidi kunoga, na kwangu ulizidi kuwa mgumu kuurudisha. Nilipanga kumwambia asubuhi, nikaona asubuhi ana kazi. Nikapanga jioni, nikaona jioni amechoka. Nilijiandikia kichwani sentensi ya kuanzia na kuibadilisha mara nyingi mno, nikitafuta ile ambayo isingeumiza, wakati kilichotakiwa ni sentensi yoyote.

Jumapili dada akapiga. Baba aliwahi simu mwenyewe, akabonyeza spika. Dada alimwamkia, naye akaitikia marahaba kwa furaha, kisha akaanza.

"Mayo, unajua mtani wangu amekuuza?" Mayo ni mama kwa Kinyamwezi, hivyo ndivyo anavyomwita tangu akiwa mtoto. Akamsimulia yote, mpagazi, kiapo, soseji, mihogo, akiigiza hadi sauti ya Mzaramo. Alipofika kwenye kiwanja alisimama asikie kicheko upande wa pili.

Hakikuja.

"Mayo?"

"Baba," dada alisema. "Mtani hakutania."

Baba alibaki na tabasamu lake kwa muda, kama taa ambayo mtu amesahau kuizima. Dada akaongea. Alieleza habari za mama, karatasi, ile simu juu ya kaburi. Alisema alitaka aweze kuja. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, simu akiwa ameishika kwa mikono miwili.

"Sasa ukitaka kuja hapa, utakuja kama nani?"

"Nitaomba viza, baba."

"Viza ya kuja kwangu."

"Ndiyo, baba."

Baba alitazama ule ubao wangu wa masomo ya jioni, uliokuwa umeegemezwa ukutani. Nilikuwa nimeufuta siku nyingi. Akauliza kwa upole kabisa, kama anayetaka kujua tu:

"Siku ya kuapa, hawakuwapa karatasi ya kuandika namba? Kama walikupa, sisi ulituweka namba ngapi?"

Tulimsikia dada akipumua. Nyuma yake kulikuwa na kitu kikichemka, birika labda. Baba akasubiri, kisha akasema haya mama, kwenu ni usiku sasa, lala, kesho una kazi. Akanipa simu, akaingia ndani, na sikumfuata.

Hakunigombeza. Siku mbili baadaye aliniuliza tu nilikuwa najua tangu lini, nikamwambia, akatikisa kichwa taratibu. Alisema angependa kulia kwanza ndipo acheke, kuliko alivyofanyiwa. Kisha akatoka akamtafuta mtani, wakakaa kwenye benchi la fundi baiskeli mpaka giza likaingia. Utani wao ulirudi baadaye, lakini kwenye habari za dada wote wawili wanakwepa, kama watu wanaokwepa dimbwi njiani.

Wapimaji walipofika, baba aliwatembeza kwenye mipaka yote. Walipouliza eneo la kwenye mikaratusi liandikwe jina la nani, akataja langu. Baba mdogo alikuja kuona mawe ya mipaka yakichimbiwa. Nilidhani atasema. Hakusema neno kwa baba, alimshika tu begani, na nadhani hilo lilimwumiza baba kuliko maneno. Mimi, ambaye sina hata mabati, nikawa mwenye viwanja viwili.

Siku hizi kunazungumzwa hadhi maalum kwa watu wenye asili ya hapa walioapa kwingine. Nimesoma kila nilichoweza kupata, nikaelewa nusu. Nilipomweleza baba, alilirudia lile neno, hadhi maalum, kama anaonja dawa, akaniambia nimjulishe wakishamaliza kulipika. Dada nilimtumia vifungu vyote. Alijibu kwa kidole gumba.

Kile kilichokufa kabisa ni Jumamosi zetu. Dada bado anapiga, tena mara nyingi kuliko zamani, lakini anaongelea baridi na mabasi, kama miaka ile ya mwanzo. Haulizi kitu kuhusu wekundu wala buluu, na mimi siulizi. Yule mama asiye na chama alishinda. Niliona matokeo mchana ule ule wa soseji. Hakupata nusu kwa kura za kwanza, zikahamishwa namba mbili za wengine, akapita. Nilikuwa na maelezo yote tayari, jinsi kura zilivyotembea, wapi alipopata na wapi alipopoteza, na kwa mara ya kwanza maishani dada yangu alikuwa amempigia mtu kura na mtu huyo ameshinda. Sikumpa hongera. Mwanzoni niliogopa ingeonekana kama nashangilia kuondoka kwake, na baadaye nikaona nimechelewa sana. Bado nafuatilia. Najua nani amegombana na nani katika bunge lile, najua wanachokisema kuhusu nyumba za wazee, na sina wa kumwambia.

Juma lililopita tulikuwa tukipalilia kiwanja cha kwenye mikaratusi. Baba hajaacha kukipanda, na akiondoka nyumbani na jembe anasema naenda kwa mayo. Tulikuwa tumegawana matuta. Katikati ya tuta lake, bila kuinua kichwa, akauliza:

"Wale watu wa dada yako wanapiga kura tena lini?"

Nikamwambia bado, miaka inayokuja. Akaenda na jembe mpaka mwisho wa tuta, akageuka.

"Na yule mama aliyempigia, alishinda?"

"Alishinda, baba."

"Dada yako ulimpa hongera?"

Nikaendelea kupalilia. Akajifuta jasho, akaelekeza kidevu kwenye mfuko wangu ulio na simu.

"Mwambie baba anasema hongera. Mwambie ni mimi niliyesema, usiseme umetumwa na mtani."

Nilikaa chini kwenye kivuli cha mikaratusi nikaandika: Baba anasema hongera. Nilitaka kuongeza kitu, nikaongeza, nikafuta, nikatuma hivyo hivyo. Baba alisimama akiegemea mpini, anasubiri. Kule ilikuwa jioni, dada alikuwa ametoka kazini, jibu likaja upesi.

Hongera ya nini?

Baba aliuliza anasemaje. Nilimwambia bado anaandika.